Kitu Kitamu cha Zachariah

Si kweli kwamba Drusilla alimuua mumewe kwa njaa. Maneno hayo yalianzia soko la Kebirigo, yakafika Ikonge, yakanyamaza kidogo wakati wa mazishi kwa sababu ya aibu, kisha yakaamka yakiwa na nguvu kuliko mwanzo. Yanasema alizifungia ndizi kwa kufuli huku mgonjwa akizililia. Yanasema alimlisha vipande vya tufaha kama mtu anayelisha kifaranga. Yanasema mwanamke akisoma sana moyo wake hukauka.

Kufuli lilikuwapo. Hilo Drusilla hakulikana hata siku moja. Lakini nyumba ya Ochoki ni nyumba yenye jina, na jina hilo halikuokotwa njiani, kwa hiyo ni haki mambo yaelezwe yalivyokuwa.

Zachariah Ochoki alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai kwa miaka thelathini na mmoja. Wakulima walimwamini kwa sababu alisoma mizani kwa sauti, mara mbili, hata kwa bibi kizee aliyeleta kilo tatu. Hakunywa pombe, hakupiga kelele, hakuwa na deni la mtu. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: alipenda kitu kitamu. Chai yake ilitiwa vijiko vinne vya sukari. Mifuko ya koti lake ilinukia peremende. Mkungu wa ndizi ukivundikwa jikoni uive, yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi. Alipita kila saa akibonyeza ndizi moja moja kwa kidole gumba, akimwita Drusilla kwa jina la binti yao.

"Mama Linda, hii imeiva."

"Jana ulisema hivyo hivyo ukala mbichi."

"Jana kidole kilikuwa na baridi."

Alipotimiza miaka sitini na mitatu miguu yake ilivimba, viatu vya kanisani vikakataa kuingia. Kumbe shinikizo la damu alilolibeba miaka mingi bila kulijua lilikuwa limemaliza figo zote mbili. Tangu hapo, kila Jumanne na Ijumaa, alikwenda hospitalini mjini Kisii akalazwa kwa muda wa saa nne kando ya mashine iliyomsafisha damu.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha alimwita mkewe sebuleni. Alikuwa amekaa, kofia gotini, jinsi alivyokaa alipokuwa na neno ambalo hangelirudia.

"Mama Linda, chumvi mmechukua. Maji mnanipimia kwa kikombe. Nyama ni vipande viwili, navyo nahesabiwa. Sijanung'unika. Lakini nikikosa hata kitu kitamu cha kunywea chai, mimi huko kwenye mashine siendi tena. Nitakaa hapa ningoje."

"Ungoje nini?"

"Unajua."

Alijua. Daktari alikuwa amesema kwamba bila mashine, wiki mbili zingekuwa nyingi. Basi tangu jioni hiyo kazi ya Drusilla duniani ikawa moja: kila siku kumtafutia Zachariah kitu kitamu kimoja ambacho hakitamuua.

Na kama kuna mtu aliyefaa kwa kazi hiyo, yeye mwenyewe aliamini, basi ni yeye. Alikuwa amefundisha sayansi miaka thelathini na minne na kustaafu akiwa naibu wa mwalimu mkuu. Katika kanisa la Wasabato pale Kebirigo alikuwa kiongozi wa idara ya afya. Kwa miaka kumi na mitano alisimama mbele ya waumini akiwaambia kwamba sukari nyeupe ni adui wa mwili, kwamba unga mweupe ni adui mwenzake, na kwamba Mungu hakukosea alipoumba vitu vikiwa vizima. Kuna akina mama waliotupa mikebe yao ya sukari kwa sababu yake.

Kwa hiyo mtaalamu wa lishe pale hospitalini, msichana mwenye nywele za kusukwa aliyeitwa Nyanchama, rika la binti yake Linda, alipompa karatasi ya vyakula, Drusilla aliisoma kwa jicho la kusahihisha. Sukari nyeupe, kiasi. Unga mweupe. Tufaha. Peremende. Aliinua uso.

"Haya yaliandikwa na nani?"

"Ni mwongozo wa kliniki, Mwalimu."

"Mm," alisema Drusilla. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mkobani, na huko ikakaa.

Nyumbani alifanya alivyojua. Alinunua sukari nguru, ile ya mabonge ya kahawia inayochemshwa kutoka kwa juisi ya miwa, kwa sababu haijaguswa na kemikali ya kiwanda. Akasaga wimbi. Akaponda ndizi mbivu, akatia njugu zilizotwangwa, akakanda, akaoka keki katika sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Harufu yake ilifika barabarani.

Zachariah alikula kipande cha kwanza akiwa amefumba macho.

"Mama Linda, ufundi huu ulikuwa umeuficha wapi miaka yote?"

"Nilikuwa nasahihisha vitabu."

"Basi sahihisha na hii," akasukuma sahani tupu.

Zilikuwa siku tisa za furaha. Wanaosema katika nyumba ile mtu alilala na njaa hawakuwapo siku hizo tisa. Zachariah alirudi kubishana na redio. Alizunguka boma akiwa na fimbo, akawaambia majirani kwamba mkewe amewashinda madaktari. Drusilla aliyasikia hayo akiwa jikoni, na hakumkanya.

Siku ya kumi, asubuhi, Zachariah alisema miguu yake ni kama ya mtu mwingine. Kikombe kilimponyoka. Drusilla alipoushika mkono wake aliusikia mshipa ukipiga, ukisita, ukipiga mara mbili kwa pamoja, ukisita tena. Haikuwa siku ya mashine, lakini walipofika hospitalini waliwekwa mbele ya foleni. Daktari alisema potasiamu katika damu ilikuwa imepanda kiasi kwamba moyo ulikuwa karibu kusimama.

Nyanchama alimkuta Drusilla kwenye benchi la ukumbini, akaketi kando yake na daftari.

"Mama, wiki hii Mzee amekula nini?"

"Vyakula vya asili tu. Hakuna sukari ya dukani nyumbani kwangu."

"Vya asili kama vipi?"

Drusilla alivitaja. Wimbi. Ndizi mbivu. Njugu. Sukari nguru. Kwa kila kimoja kalamu ya msichana iliandika polepole zaidi, mpaka mwishowe ikaacha kuandika.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "hivyo vyote ni vizuri. Kwangu mimi na kwako. Lakini figo zikifa, potasiamu haina pa kutokea. Inabaki kwenye damu, inaushika moyo. Ndizi imejaa potasiamu. Njugu, hivyo hivyo. Wimbi pia. Na sukari nguru, kwa kuwa haijasafishwa, bado inayo. Ile nyeupe unayoichukia imeondolewa kila kitu ikabaki utamu tu. Kwa mtu mwenye afya huo ni upungufu. Kwa Mzee ndio usalama wake."

Drusilla alitazama ukuta wa mbele, uliopakwa rangi ya kijani hadi kiunoni.

"Kwa hiyo nilimpa sumu."

"Mimi sijasema hivyo."

"Mimi ndiye niliyesema."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha gotini.

"Nisomee," alisema. "Polepole. Kama unavyomsomea mtu asiyejua kusoma."

Msichana akasoma. Na Drusilla, aliyewahi kuwachapa watoto kwa kutosikiliza, akasikiliza.

Alijifunza upya. Tufaha moja dogo, limenywe, likatwe vipande, lipikwe kwa mdalasini na kijiko kimoja cha sukari nyeupe hadi lilainike. Nanasi, kipande chembamba kimoja, si viwili. Mandazi ya unga mweupe yakandwe kwa maji, si maziwa, na yaumuliwe kwa hamira, kwa sababu ile poda ya kuumulia keki ina fosfeti inayomla mifupa mgonjwa wa figo. Mkate mweupe wenye jemu, mara moja moja. Peremende ya kufyonza kiu ikimbana, kwa kuwa maji yenyewe yalikuwa ya kupimwa. Chokoleti, hapana. Parachichi, hapana. Ndizi, hapana kabisa. Na kumwambia hivyo mtu aliyezaliwa katika vilima hivi, ambaye dirisha lake linafunguka juu ya migomba, ni kumwambia asitazame nje.

Sukari nyeupe ilipaswa kununuliwa, na Drusilla hakuwa mtu wa kumtuma mwingine akafiche aibu yake. Alikwenda Kebirigo mchana, siku ya soko, akasimama dukani. Nyuma yake akasikia sauti ya Bitutu, shemasi wa kanisa lao, jirani wa miaka mingi.

"Mwalimu! Hiyo ni ya wageni?"

"Ni ya nyumbani kwangu."

"Si huyo ndiye adui wa mwili?" Watu walicheka. Bitutu, akiona wamecheka, akaongeza: "Basi Sabato hii utuhubirie tena, tujue adui amehamia wapi. Mimi mkebe wangu niliutupa, ndugu zangu. Mkebe mzuri, wenye maua!"

Drusilla angeweza kueleza. Lakini maelezo yoyote ya kweli yangeanzia kwenye zile siku tisa, na zile siku tisa hangezisema mbele ya kaunta ya duka.

"Niongeze na hamira," alimwambia mwenye duka.

Wiki hiyo alimwandikia mchungaji barua ya mistari miwili akiacha uongozi wa idara ya afya. Hakutoa sababu. Watu wakamtafutia sababu, kila mmoja ya kwake.

Kisha likaja jambo la kufuli. Kwetu hakuna anayekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, na mgonjwa sharti aonje mbele ya aliyeleta, ili mgeni aondoke akiwa na amani. Wakaja, kwa upendo mtupu, na vikapu vya ndizi mbivu, parachichi, chupa za maziwa ya mgando. Drusilla alivipokea mlangoni kwa mikono miwili, akashukuru, akavipeleka stoo, akafunga, akarudi na chai. Kwenye sahani ya mgonjwa palikuwa na tufaha lililopikwa. Wageni walitazamana.

Obwocha, mdogo wake Zachariah, ndiye pekee aliyethubutu kusema.

"Shemeji, hizo ndizi nimezikata kwenye shamba la baba yetu. Unazifungia kama mali ya wizi?"

"Nazifungia kama dawa ya panya."

Zachariah alicheka hadi akakohoa. Obwocha hakucheka. Drusilla alimweleza habari za potasiamu, tangu mwanzo hadi mwisho, kama darasani. Obwocha alisikiliza akizungusha kikombe.

"Kwa hiyo ndizi ya shamba ni mbaya, na sukari ya kiwanda ni nzuri."

"Kwa figo zake, ndiyo."

"Na mwaka jana kanisani ulisemaje?"

Drusilla akamsogezea Zachariah sahani ya tufaha, na Obwocha akaondoka akiwa na lake moyoni.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, na wenye kuhesabu wahesabu: kwa tufaha, na mandazi, na kipande cha nanasi, Zachariah alikubali kwenda kwenye mashine miezi kumi na minne. Kila jioni alimpa mkewe alama, kwa kuwa alisema mwalimu naye sharti apimwe.

"Leo sabini kwa mia."

"Jana ulinipa themanini."

"Jana hukusahau mdalasini."

Lakini alama zilizidi kushuka, na halikuwa kosa la mdalasini. Mvua za masika zilipokuja alizoea kukaa dirishani, blanketi magotini, akitazama migomba ikitikisika. Alikuwa amekonda shingo. Siku moja alisema bila kugeuka:

"Kuna kitu kimoja tu ninachokitaka, nawe unakijua."

"Sina cha kukupa hicho."

"Najua. Ndiyo maana sijakuomba."

Drusilla alilikumbuka baadaye jibu hilo, kwa sababu lilikuwa la ukweli, na yeye hakulisikiliza hadi mwisho.

Kutoka Ijumaa hadi Jumanne ndicho kipindi kirefu cha kukaa bila mashine, na kwa wagonjwa wa namna hiyo ndicho cha kuogopwa. Sabato moja katika kipindi hicho Drusilla alikwenda kanisani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki tano. Zachariah mwenyewe ndiye aliyemhimiza. Alisema watu wa nyumbani watakuja kumsalimu, hatakuwa peke yake. Waliingia na kutoka siku nzima. Aliporudi alimkuta amechangamka, macho yana nuru, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwaya ya ujana wake.

Jumapili jioni alilikataa tufaha.

"Leo nimeshiba, Mama Linda. Kula wewe."

Akalila yeye. Lilikuwa tamu kuliko alivyodhani.

Jumatatu asubuhi alimwacha akivaa viatu ukingoni mwa kitanda, akaenda kumletea maji yake ya kikombe. Aliporudi Zachariah alikuwa ameegemea ukuta, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Moyo wake haukuwa ukisita tena; ulikuwa umesimama.

Kabla ya kuwaita watu, Drusilla alimlaza, akamfunika, akaanza kutandika upande wa pili wa kitanda, kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi. Chini ya godoro, upande wa ukutani, palikuwa na mfuko wa jani kavu la mgomba. Ndani yake mlikuwa na maganda ya ndizi sukari, zile ndogo zenye ganda jembamba. Yalikuwa kumi na moja. Yalikunjwa moja moja, kwa unadhifu, kama karani anavyokunja stakabadhi.

Ndizi sukari haikuota shambani kwake. Alijua ilikoota. Na mfuko ulikuwa umefungwa kwa uzi wa mgomba, fundo la kupita mara mbili na kurudi chini. Fundo hilo alikuwa amelifungua maelfu ya mara, kwenye vifurushi vya mboga, vya wimbi, vya mayai, tangu mwaka alioolewa. Mkono uliolifunga haukuwahi kuleta baya mlangoni mwake. Ulileta kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angemletea mpendwa anayeomba.

Drusilla aliyapeleka maganda jikoni, akayatia motoni. Yalikuwa na unyevu, yakafuka moshi, yakachukua muda. Alisimama hapo hadi jani na uzi na maganda yote vikawa majivu. Ndipo akatoka nje akaita.

Wiki moja baada ya maziko ukoo ulikutana sebuleni. Obwocha aliketi kwenye kiti cha marehemu. Bitutu alikuja kwa niaba ya kanisa. Linda, aliyekuwa amerudi kutoka kazini Nakuru, alikaa karibu na mamake. Wengine walijaa hadi mlangoni, vikombe vya chai mikononi, na aliyefunga fundo lile alikuwa miongoni mwao, akitazama sakafu.

"Shemeji," Obwocha alianza, "hatukuja kuhukumu. Lakini watu wanasema, na sisi tunapita huko huko sokoni. Tunaulizwa kama ndugu yetu alinyimwa. Tuambie ili tuwe na jibu."

"Alikonda, Mwalimu," alisema Bitutu, na safari hii hakuwa na mzaha. "Tulimwona shingo."

"Alikonda kwa ugonjwa," alisema Linda. "Mama, waambie. Waambie yote."

Linda hakujua yote. Alijua tufaha na hamira na karatasi ya Nyanchama. Drusilla alitazama nyuso zile moja baada ya nyingine, bila kuharakisha, kama anayeita majina darasani. Sentensi moja ingetosha. Wangetoka hapo wakimwomba radhi, na kabla jua halijazama mtu mwingine angebeba jina la muuaji hadi kaburini kwake. Na mtu huyo alikuwa wa nyumba hiyo hiyo ya Ochoki.

Yule aliyekuwa akitazama sakafu aliinua macho, na chai ikamwagika kidogo kwenye sahani ya kikombe.

"Niulize unachotaka kujua," Drusilla alimwambia Obwocha.

"Kaka yangu alikufa akitamani ndizi?"

"La," alisema Drusilla. "Hakufa akitamani."

Obwocha aliweka kikombe chini.

"Una maana gani?"

"Maana yangu ndiyo hiyo."

"Shemeji, kama alizila, basi kuna aliyempa. Ni nani?"

"Umeniuliza swali, nimelijibu."

"Mama," alisema Linda.

Drusilla alisimama, akaanza kukusanya vikombe, hata vile vilivyokuwa bado na chai.

"Nimejibu," alisema. "Zaidi ya hapo sisemi. Si leo, si kesho, si kwako, si kwa kanisa. Nendeni mkaseme mnachotaka."